Rubani Makengeza

Watu kuhama nyumbani kwake, Yusta alikwisha kuvumilia. Watu wana miguu, watakwenda watakako. Kilichomtia moto ni mabenchi.

Ilikuwa Jumapili, jua limeanza kuiva, naye yuko uani anapepeta mchele. Wakabisha hodi wanaume wawili, wale wapagazi wanaombebea jirani yake Leonia magunia ya dagaa kule Kibirizi. Wakamwamkia vizuri kabisa, shikamoo mama, hata kofia wakavua. Kisha yule mrefu akasema, huku anauangalia ungo badala ya kumwangalia mwenye ungo:

"Tumetumwa na Mama Leonia. Anaazima mabenchi."

"Mangapi?"

"Kasema yote, mama."

"Yote!"

"Watu watakuwa wengi leo. Na kasema kama kuna jamvi limekaa bure..."

Yusta akapepeta tena mchele usiokuwa na pumba hata moja. Akikataa, kabla ya adhuhuri mtaa mzima wa Rusimbi utajua kuwa yeye, Mama Samson, ana kijicho. Akikubali, makalio yaliyomkimbia yatakwenda kukalia mbao zake mwenyewe kwa jirani.

"Yachukueni," akasema. "Jamvi liacheni, nalikalia."

Hakuwa analikalia, alikuwa kwenye kigoda, na wote watatu waliona. Mabenchi yakatoka sebuleni moja baada ya jingine, miguu juu kama mbuzi wanaopelekwa kuchinjwa. Lile lenye doa la mawese, ambalo rafiki yake Marcelina alimwagia mchuzi siku ya kipaimara cha mwanawe Samson, ndilo lililotoka mwisho. Sebule ikabaki na TV peke yake juu ya kabati, ile ya chogo kubwa nyuma, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi ambaye msafara wa bwana harusi haujafika.

Akageuka kumtafuta mume wake amweleze. Akamkuta chumbani anapiga pasi shati la Krismasi.

Tangu waoane, Zefania hakuwahi kushika pasi.

*

Usiulize kwa nini mwanamume kupiga pasi shati lake kulimchoma mkewe kuliko mkaa uliokuwa ndani ya pasi yenyewe. Ndivyo ilivyo. Na kwa Zefania na Yusta palikuwa na sababu zaidi.

Zefania alikuwa mtafsiri. Vita ya Zaire ilipomwaga watu ufukweni, alikuwa na banda umiza la mabati, TV moja, deki moja na kipaza sauti kilichofungwa kwa raba. Filamu inasema lugha yake, Zefania anasimama kando na kuipa Kiswahili cha Ujiji, na watu walikuwa wakija kumsikiliza yeye kuliko kutazama picha. Filamu kubwa ya banda lile aliileta Mzee Pastory, aliyevuka ziwa kutoka Uvira akiwa na sanduku moja. Watu walidhani ni nguo. Kufungua, mikanda ya video mitupu! Mmoja ulikuwa wa watu waliovaa mavazi ya fedha, wanaopanda roketi kwenda kwenye nyota nyekundu kupigana na dude lenye mikono minane. Lugha yake hakuna aliyeijua, na Zefania hakukubali kusumbuliwa na jambo dogo kama hilo.

Palikuwa na pahali pa kuagana. Rubani anasimama kwenye ngazi ya roketi, anavua kofia ya chuma, anapunga mkono. Picha inahama: mwanamke wa gauni jeupe, peke yake kwenye ua wa waya, anapunga leso. Yule rubani alikuwa na kasoro moja. Macho yake hayakutazama mbele, yalikwenda upande. Watu wakambatiza Rubani Makengeza, na Zefania akamtetea: "Si makengeza hayo, ndugu zangu, ni machozi. Mwanamume hulilia pembeni."

Watafsiri wana adabu yao. Mwanamke mzuri wa kwenye filamu hupewa jina la mwenye nyumba inayoonyesha, iwe heshima kwake. Banda lilikuwa la shangazi yake Zefania, kwa hiyo kila rubani alimlilia shangazi. Mpaka jioni moja Zefania akamwona msichana anayeuza karanga mlangoni, akavunja adabu mbele ya banda zima. Rubani akapunga mkono, na kipaza sauti kikasema: "Yusta! Nifunikie chakula, narudi!"

Vichwa vyote viligeuka. Karanga zilimwagika. Hivyo ndivyo alivyoposwa, barua na wazee vikafuata baadaye.

Banda lilikufa, kila mtu akanunua TV yake. Lakini mabenchi yalihamia sebuleni kwa Yusta, na kila Jumapili nyumba ilijaa hadi barazani. Blanketi linatundikwa dirishani, maana chogo bila giza halionyeshi kitu. Yusta anapitisha chai na karanga, na jina lake linaitwa kutoka kwenye nyota nyekundu. Mwanamke akizoea hivyo hajui kuishi na ukimya.

Sasa wakimbizi wa Burundi wakaanza kushuka tena, mji ukajaa magari meupe yenye milingoti na wafanyakazi wa mashirika wanaotafuta vyumba. Mmoja wao, kijana wa Dar aitwaye Gideon, alibisha kwanza kwa Yusta. Kwa Yusta! Naye akamjibu kwamba chumba ni cha Samson, akitoka kuvua Mwamgongo atalala wapi? Gideon akavuka barabara, akapanga kwa Leonia. Baada ya mwezi akaleta TV bapa, ile wanayoiita flati, pana kama mlango uliolazwa, na watazamaji wakahamia huko, na mtafsiri wao nyuma yao. Samson hajatoka Mwamgongo mpaka leo.

*

"Mwakeye!" Marcelina alisalimu kwa Kiha, akaingia bila hodi kama kawaida yake, akasimama katikati ya sebule tupu. "Ala! Mmehama?"

"Yamekwenda kwa Leonia."

"Hata lile la mchuzi wangu?"

"Hata hilo."

Marcelina akakaa kwenye jamvi, akanyoosha miguu. Alikuwa na habari. Mtu akimfahamu Marcelina anaijua habari kabla haijasemwa, kwa namna anavyojilamba mdomo.

"Wewe Jumapili iliyopita ulisema kichwa kinauma."

"Kiliuma."

"Basi ungekwenda na kichwa chako hivyo hivyo. Mumeo alitafsiri ile ya dude la chuma linalopenda binti wa mtaalamu. Mimi nilikuwa mbele. Binti akatoka, mzuri, nywele mpaka kiunoni." Akanyamaza kidogo, aitafune vizuri. "Akamwita Leonia."

Yusta alikuwa anaokota mchele ulioanguka. Aliendelea kuokota.

"Watu walifanyaje?"

"Walipiga makofi. Na mwenyewe akajifunika uso kwa kitenge, eti aibu. Aibu gani na meno yote thelathini na mawili nje? Mume wake si yuko Kalemie ng'ambo ya ziwa miaka yote hiyo, hajulikani anarudi au amekwisha kuoa. Mimi sisemi kitu, Mama Samson. Mimi nimesema tu alichokisema mumeo."

Zefania akatoka chumbani, shati limenyooka, ndevu amekata, ananukia sabuni ya wageni. Marcelina akakumbuka ana maharage jikoni, akaondoka polepole sana.

"Unamwita Leonia," Yusta akasema.

"Nani kasema?"

"Nimesema mimi."

"Ah, mke wangu. Si adabu ya kazi? Nyumba yake, TV yake. Ningemwita nani? Unaijua hiyo adabu tangu enzi za shangazi."

"Enzi za shangazi mimi sikuwa na nyumba. Sikuwa na TV. Nilikuwa na sinia la karanga. Mbona uliniita?"

Zefania akakifunga kifungo cha shingo, akakifungua.

"Leo ni filamu yetu," akasema mwishowe. "Gideon ameipata kwenye mtandao. Imesafishwa, anasema, kila kitu kimerudishwa kama siku ilipopigwa. Miaka yote hii natafsiri kitu nisichokiona vizuri, Yusta. Nataka nikione. Njoo. Njoo ukae mbele."

"Utamwitaje yule wa gauni jeupe?"

"Njoo basi usikie."

Si jibu hilo. Wote wawili walijua.

*

Alikwenda. Alioga, akavaa kitenge cha harusi ya wifi yake, akachelewa makusudi ili aonekane akiingia. Lakini alipoingia hakuna aliyegeuka. Macho yote yalikuwa ukutani.

Kwa Leonia dirisha lilikuwa wazi na pazia limefungwa fundo, jua linaingia litakavyo, na bado ile TV iling'aa kulishinda jua. Watu walikuwa wamejaa: kwenye makochi, kwenye mabenchi ya Yusta, sakafuni, hata wageni wawili wa Kirundi waliokuwa wakingoja gari la kambini. Kila mtu anamwona mwenzake. Hakuna giza la kujificha.

"Karibu, yaya!" Leonia aliita. Kwa watu wa ng'ambo ya ziwa yaya ni dada mkubwa, na Leonia alizaliwa Rusimbi kama Yusta tu, lakini neno la nyumbani kwao hakuliacha. "Sogeeni, mpisheni mama. Mpeni pale kwenye benchi. Pole, yaya, makochi yamejaa."

Yusta akakaa kwenye doa la mawese.

Zefania alisimama kando ya TV, kipaza sauti kipya mkononi, hakina raba. Gideon, kijana mpole mwenye kadi ya shirika bado shingoni, akabonyeza kidude. Roketi ikatokea.

Ah, ilikuwa nyekundu! Watu waliguna. Kwenye chogo roketi ilikuwa ya kijani, na nyuso za watu wote zilikuwa za kijani, na Zefania alikwisha kueleza zamani kuwa ni hewa mbaya ya huko juu. Sasa nyuso zilikuwa na rangi ya nyuso. Roketi ikaruka angani, na kila mtu mle ndani akauona uzi.

"Imening'inizwa!" mtu akapiga kelele.

"Hiyo ni kamba ya kuvutia nguvu za jua," Zefania akawahi.

"Kamba ya kuanikia nguo hiyo, mzee!"

Wakacheka. Yusta naye alicheka kidogo, akajikuta anafurahi, kifua kimefunguka. Mwache aaibike. Apige pasi tena.

Likaja dude lenye mikono minane, lile lililowafanya watoto wa mwaka ule wajikojolee. Mgongoni lilikuwa na zipu. Lilipogeuka ilimetameta kuanzia shingoni mpaka kiunoni, na mikono mitano kati ya minane haikutikisika. Zefania alinguruma, akanguruma kwa Kiha na kwa Kiswahili, na kadiri alivyonguruma ndivyo watu walivyozidi kushika mbavu.

"Mzee Zefania, limefungwa vibaya, mwambie fundi!"

"Nyota ni matundu ya shuka!"

Na Leonia, kwa sauti ya huruma inayosikika hadi barazani: "Jamani mwacheni. Yeye alikuwa haoni. Kwa TV ile ya kwao ungeona nini?"

Hapo furaha ya Yusta ikageuka upande mwingine, ikawa na ncha. Alimwona mume wake amelowa jasho, kola iliyopigwa pasi imelegea, anatafuta maneno mfukoni kama mtu aliyeibiwa. Kumcheka Zefania ilikuwa haki yake yeye, aliilipia kwa miaka. Leonia ameipata wapi?

Filamu ikarudi nyuma, rubani akakumbuka siku ya kuondoka. Kwenye ngazi akavua kofia ya chuma. Chumba kikatulia. Hata waliokuwa wakicheka walitulia, maana hili walikua nalo tangu utotoni.

Rubani akapunga mkono. Macho yakaenda upande, kama siku zote.

Picha ikahama kwenye ua. Mwanamke wa gauni jeupe, leso mkononi. Lakini ua haukuishia hapo. TV ilikuwa pana, na ua ukaendelea, ukaendelea kwenda kulia, kwenye sehemu ambayo chogo halikuwahi kuwa nayo. Na hapo, pembeni kabisa, amesimama mwanamke mwingine. Kofia ya njano, mkono juu. Anapunga.

Rubani akaonyeshwa tena, karibu, uso mzima. Hakuwa na makengeza. Macho yake yalikuwa mazima kabisa. Alikuwa anamtazama yule wa pembeni.

"Mama yangu!" Marcelina akasema. "Kumbe walikuwa wawili!"

Nyumba ikalipuka. Watu walipigana mapaja, wakasimama, wakaonyesha kwa vidole. Miaka yote! Machozi ya pembeni! Gideon kwa uungwana wake akasimamisha picha ili waone vizuri, na ule uungwana ndio ulioharibu kila kitu, kwa sababu sasa wanawake wawili walikuwa wamegandishwa ukutani, mkubwa wa mbele na mwembamba wa kando, na kila mtu alikuwa na nafasi ya kutazama ukutani, kisha kumtazama Yusta, kisha kumtazama mwenye nyumba.

Leonia akarekebisha kilemba. "Haya, mtafsiri," akasema, anacheka. "Wa mbele tunamjua jina lake tangu zamani. Na huyu wa pembeni anaitwa nani?"

Kipaza sauti kilikuwa wazi, kikatoa pumzi za Zefania nyumba nzima zisikike. Akatazama ukuta. Akasema "Huyu..." akaishia hapo. Na Yusta aliuona ule muda. Haukuwa mrefu, lakini aliuona wote, mwanzo wake na mwisho wake, na akajua kwamba mume asiye na la kuficha asingeuhitaji. Au labda ni mume aliyeshangaa tu. Angejuaje?

Akasimama kutoka kwenye benchi lake.

"Huyo wa pembeni ni mwenye kiwanja," akasema. Hakuhitaji kipaza sauti. "Roketi wamerushia uani kwake. Amekuja kuangalia isimmwagie mafuta kwenye dagaa."

Kwanza aliangua Marcelina, kisha wapagazi wa Leonia wenyewe, kisha nyumba. Hata wageni wa Kirundi walicheka baada ya kuelezwa. Leonia alicheka pia, kwa meno machache zaidi. Na Zefania, kama mtu aliyetupiwa kamba majini, akainua kipaza sauti na ile sauti ya banda ikarudi, nzito, ya zamani:

"Yusta! Nifunikie chakula, narudi!"

Walipiga makofi mpaka mabati yakalia. Yusta akatabasamu kama inavyotakiwa. Ukutani rubani alikuwa bado anatazama pembeni.

*

Filamu ilipokwisha alidai mabenchi yake. Leonia alisema yaache, yaya, Jumapili si itarudi? Yusta akasema sebule yake ina mwangwi. Wapagazi walikwisha kuondoka, kwa hiyo waliyabeba wenyewe, mume na mke, moja moja, wakivuka barabara mbele za watu. Zefania alitangulia, Yusta nyuma, benchi kati yao. Kwa namna hiyo hawakuonana nyuso.

"Umeniokoa leo," Zefania akasema, akiiambia barabara.

"Nimejiokoa mimi."

Wakasimama gari jeupe la shirika lipite, likawarushia vumbi.

"Yule wa pembeni ni nani?" Yusta akauliza.

"Sijui. Haki ya Mungu sijui. Kwetu hakuwahi kuwepo."

"Alikuwepo. TV yetu ndiyo ilikuwa haimwonyeshi."

Zefania akapunguza mwendo, benchi likamgonga mgongoni. "Yusta. Mimi si yule rubani. Mimi nilikuwa nikisema tu."

"Najua ulikuwa ukisema tu," Yusta akajibu. "Ndilo linaloniuma."

Zefania hakugeuka, na Yusta hakumwambia ageuke. Waliingiza benchi, wakarudi kuchukua jingine.

*

Jumapili iliyofuata Zefania hakwenda. Alisema yeye ni mtu wa chogo na atakufa na chogo, akalipiga kofi mpaka likawaka. Alitundika blanketi mwenyewe. Walikuja wachache: Marcelina, aliyetaka kuona itakuwaje, na wazee wawili waliosema TV ya Leonia inawaumiza macho. Ng'ambo ya barabara kulisikika vicheko vya nyumba iliyojaa. Yusta akapitisha chai, mabenchi matupu yakawa yanamtazama.

Roketi ilikuwa ya kijani tena. Uzi haukuonekana. Dude likanguruma, mmoja wa wazee akashtuka kabisa, Mungu ambariki. Rubani akavua kofia, macho yakaenda upande.

"Yusta!" Zefania akaita. Aliita vizuri kuliko siku zote, alimwangalia yeye, si TV. "Nifunikie chakula, narudi!"

Marcelina akamgonga Yusta kiwiko. Mwanamke wa gauni jeupe alisimama kwenye ua, peke yake, anapunga leso, mzuri, hana wasiwasi wowote.

Yusta hakumtazama. Alikuwa anatazama pale ua ulipokatika, kwenye ukingo wa plastiki nyeusi ya TV, upande wa kulia. Aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayechungulia mlangoni kwa jirani, na sinia la karanga likamlemea mkononi mpaka picha ikahama.